Kachumbari ya Kabichi Nangwa: Uchachu Unaokuja kwa Lori

Kachumbari, kwa maana iliyozoeleka katika Kiswahili cha leo, ni mchanganyiko wa mboga mbichi zilizokatwa nyembamba, zikatiwa chumvi na kitu kichachu, kisha zikaliwa pamoja na chakula kikuu bila kupitishwa motoni. Neno lenyewe lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, ambako kachumbar hadi sasa ni jina la mboga mbichi zilizokatwakatwa pamoja na kitunguu na kukamuliwa ndimu. Na kwa kuwa nyanya ndiyo iliyotawala bakuli hilo pwani na mijini, wengi wakisikia kachumbari huona nyanya akilini kabla ya kitu kingine. Nyanya, hata hivyo, ni mboga isiyo na subira, kwa maana hupondeka gunia likibebwa vibaya na huoza ndani ya siku chache, ilhali kabichi iliyofunga vizuri hukaa pembeni mwa jiko juma zima na zaidi bila kulalamika. Katika nyumba za vijijini zisizo na jokofu, tofauti hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini kachumbari ya kabichi imepata nafasi mezani, wakati mwingine ikiitwa saladi tu, na mara nyingi ikidharauliwa kama kitu cha kujazia sahani ya chipsi.

Nangwa ni kata ya wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, katika ardhi inayouzunguka Mlima Hanang, ambao kilele chake kinazidi mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kabichi ni mmea wa baridi. Hustawi zaidi penye joto la wastani wa nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, na joto likizidi sana hukawia kufunga, yaani majani ya ndani hayabanani kuwa kichwa kigumu. Ndiyo maana kabichi za Tanzania hutoka sehemu za milimani kama Lushoto, Mgeta, Njombe na Mbulu, na kidogo sana katika mashamba ya pwani. Pamoja na baridi, mmea huu unahitaji rutuba nyingi, hasa naitrojeni, madini yanayojenga majani, na hapo desturi ya kilimo ya Wairaqw, ambao watu wengi huwaita Wambulu, imeufaa sana, kwa kuwa wakulima hao wanajulikana tangu zamani kwa kuunganisha ufugaji na kilimo: samadi ya ng'ombe hukusanywa na kupelekwa shambani, na katika miteremko mikali udongo huzuiwa usichukuliwe na maji.

Viungo vingine navyo haviko mbali. Vitunguu saumu vya Mbulu vinajulikana nchi nzima, na vitunguu vyekundu vya Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi, vimejipatia jina hata nje ya mipaka ya Tanzania. Mafuta ya alizeti hukamuliwa Hanang kwenyewe na katika mkoa jirani wa Singida, na karoti na pilipili hoho hupatikana minadani, yaani katika yale masoko ya zamu ambako ng'ombe, mitumba, sufuria na mboga huuzwa katika uwanja mmoja. Kinachokosekana ni ndimu. Ndimu, ile ndogo ya mviringo yenye ganda jembamba la kijani, pamoja na limau, binamu yake mkubwa wa manjano, ni matunda yanayopenda joto, na kwa sehemu kubwa hupanda mlimani kwa lori kutoka maeneo ya chini, bei yake ikipanda na kushuka kadiri ya msimu na umbali. Mpishi wa Nangwa, kwa hiyo, ana karibu kila kitu cha kachumbari karibu na mlango wake isipokuwa ule uchachu unaoifanya kachumbari kuwa kachumbari, na hali hiyo inalazimisha swali ambalo mpishi wa Muheza au wa Unguja hana haja ya kujiuliza: ndimu moja inaweza kufanya kazi kiasi gani?

Jibu limo katika maji. Kabichi mbichi, licha ya ugumu wake mkononi, ni maji kwa kiasi cha asilimia 92 hivi, na maji hayo yamefungiwa ndani ya chembehai, vyumba vidogo vinavyojenga jani, kila kimoja kikiwa kimejaa na kutuna kama kiriba. Mpishi anapokata kabichi, akaimwagia ndimu tano, chumvi na mafuta kwa pamoja, kisha akaiacha mezani, chumvi huanza kuyavuta maji yale nje polepole, na baada ya nusu saa bakuli huwa na dimbwi chini, ndimu zote tano zimezimuliwa, mafuta yanaelea, na majani yaliyo juu hayana ladha. Huo ndio ugonjwa wa kachumbari nyingi za vibanda vya chipsi, zile zinazokaa kwenye ndoo ya plastiki tangu saa nne asubuhi na kuteremshwa sahani kwa mkono unaochuruzika maji hadi chipsi zikalowa. Wanaoionja husema haijakolea, na mpishi huongeza ndimu. Ndimu inaongezwa juu ya maji. Maji yanabaki palepale.

Mpangilio wa hatua ukibadilishwa, mambo hugeuka. Chumvi hutangulia peke yake, hupewa muda wa kuyatoa maji, maji hukamuliwa na kumwagwa, na hapo tu ndipo kitu kichachu huingia. Wataalamu wa sayansi huita jambo hilo osmosisi, yaani maji kupita katika ngozi nyembamba ya chembehai kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi, na mpishi hahitaji neno hilo ili kuliona likitendeka: baada ya dakika kumi kabichi iliyokuwa imejaa beseni hushuka hadi nusu yake, hung'aa kana kwamba imepakwa mafuta, na uzi wake mmoja ukikunjwa haukatiki bali hupinda. Uzi huo ukitafunwa bado una mlio menoni, kwa sababu kuta za chembehai zimebaki imara hata kama maji yamepungua. Nafasi iliyoachwa na maji ndiyo itakayojazwa na ndimu, na ndimu mbili sasa hufanya kazi ambayo tano zilishindwa.

Kabla ya chumvi kuna kisu. Katika majiko mengi ya Tanzania kabichi haikatwi juu ya ubao; mpishi huigawa nusu, huishika nusu hiyo kiganjani upande uliokatwa ukimtazama, na kwa kisu kidogo kilichonolewa hukwangua kuelekea kifuani, nyuzi nyembamba zikianguka moja kwa moja kwenye beseni lililo kati ya miguu. Mkono ulioshika ndio unaofanya kazi ngumu zaidi, kwa kuwa huizungusha kabichi kidogo kila baada ya mapigo mawili matatu ili kisu kikutane na majani kwa upande wa upana wake, na kidole gumba cha mkono wa kisu huegemea jani na kupima unene kabla ya kila mpigo. Aliyezoea hutoa nyuzi zisizozidi unene wa njiti ya kiberiti, na kuna wanaopata nyembamba zaidi ya hapo. Kikwaruzo, kile cha bati chenye matundu kinachotumika kwa karoti, hakifai kwa kabichi hata kidogo, kwani huipasua badala ya kuikata, na kabichi iliyopasuliwa hutoa maji mengi mno, hulegea kama iliyochemshwa, na hubeba harufu kali.

Harufu hiyo ina maelezo yake. Kabichi, pamoja na ndugu zake kama haradali na figili, huhifadhi ndani ya jani kemikali zenye salfa, na mahali pengine ndani ya jani hilohilo huweka kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Viwili hivyo havikutani hadi jani lijeruhiwe na kisu, meno au mdudu. Vikikutana huzaa ukali unaopanda puani, ambao kwa mmea ni silaha dhidi ya viwavi na kwa mlaji ni kiungo, mradi usizidi. Kisu chenye makali hujeruhi chembehai chache na kuacha ukali wa kuchangamsha tu, wakati kisu butu hufanya kazi ya kikwaruzo. Wala kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba haina ile harufu nzito inayojaza nyumba pale kabichi inapochemshwa muda mrefu, kwa kuwa harufu ile ni ya salfa iliyovunjwavunjwa na moto.

Kwa familia ya watu watano au sita, nusu ya kabichi ya wastani, yaani gramu kama 600 zilizokwisha kukatwa, inatosha. Chumvi yake ni kijiko cha chai kimoja kilichojaa, ambacho husambazwa juu ya nyuzi na kufikichwa kwa vidole, taratibu, kama anayefikicha unga na mafuta kabla ya kuukanda, kisha beseni hufunikwa na kuachwa kwa dakika 10 hadi 15. Muda huo si wa kukaa bure. Kitunguu kimoja hukatwa duara nyembamba sana, hutiwa chumvi yake kando, hukandwa na kusuuzwa kwa maji safi, desturi inayojulikana karibu katika kila nyumba nchini na ambayo huondoa utomvu mkali unaotoa machozi na kubaki mdomoni hadi jioni. Karoti mbili hukwaruzwa. Punje moja ya kitunguu saumu, ile ya Mbulu ambayo ni ndogo lakini kali, hupondwa ndani ya maji ya ndimu na wala si pembeni, kwa kuwa asidi hukizuia kimeng'enya cha kitunguu saumu kisifanye kazi kwa nguvu zote, na matokeo yake ni harufu nzuri bila ule moto wa kooni. Hoho hukatwa mwisho na kuingia mwisho, maana rangi yake ya kijani haivumilii asidi kwa muda mrefu: hufifia na kuelekea rangi ya majani yaliyochemka.

Kisha kabichi hukamuliwa kwa mikono miwili, konzi baada ya konzi, na maji yanayotoka huonjwa kabla ya kumwagwa. Yakiwa na chumvi ya kupendeza, kabichi iko sawa. Yakiwa na chumvi ya kukunja uso, husuuzwa mara moja na kukamuliwa tena. Maji ya ndimu mbili, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti na nusu kijiko cha chai cha sukari hukorogwa pamoja na kumiminwa juu. Sukari huwashangaza wengine, lakini kazi yake si kuleta utamu, na ikisikika basi imezidi. Huupunguza tu ule ukakasi, yaani hali ya meno kushikwa ganzi na fizi kukunjamana, ambao ndimu peke yake huuleta. Tangu kisu kishikwe hadi bakuli liende mezani, dakika 20 hadi 25 zimepita.

Penye uhaba wa ndimu, siki ndiyo mbadala wa kwanza, na kwa kawaida ndiyo inayotumika vibandani kwa sababu chupa yake hukaa miezi bila kuharibika. Siki ni maji yenye asidi ya asetiki, kwa kawaida asilimia 4 hadi 5, na uchachu wake huanzia puani kabla ya kufika ulimini, tofauti na ndimu ambayo asidi yake, ya sitiriki, haina harufu na huacha manukato ya ganda kufanya kazi hiyo. Vijiko vitatu vya siki hutosha kabichi iliyotajwa. Ukwaju, unaoota katika maeneo makavu na yenye joto ya bara kama vile Dodoma, hutoa uchachu mzito wenye utamu ndani yake, na rojo lake likichujwa hukaa vizuri na kabichi na pilipili kichaa, ingawa huipa rangi ya kahawia ambayo wageni huiangalia mara mbili. Yote matatu, hata hivyo, yanafika Nangwa kwa lori.

Uchachu usiohitaji lori ni wa maziwa. Wairaqw na Wadatoga, jamii mbili kubwa za Hanang, ya kwanza ikisema lugha ya Kikushi na ya pili lugha ya Kiniloti, zimeishi na ng'ombe kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu za maandishi, na kwa wafugaji wa Afrika Mashariki kwa jumla maziwa yaliyogandia kibuyuni ni chakula kamili kabla ya kuwa kitoweo. Maziwa mgando hupata uchachu wake kutoka kwa bakteria wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki, ambayo huyagandisha na wakati huohuo huyalinda yasiharibiwe na vijidudu vingine. Mgando ukimiminwa katika kitambaa safi na kuning'inizwa kwa saa moja au mbili, maji ya kijani-njano huchuruzika na kubaki ute mzito, mweupe, mchachu kwa upole, unaoshika kila uzi wa kabichi bila kuteremka chini ya bakuli. Vijiko vinne vya ute huo, pamoja na kitunguu saumu, chumvi kidogo na pilipili manga, huitosha kabichi iliyokwisha kukamuliwa, na matone ya ndimu yakipatikana huongezwa kwa manukato tu.

Aliyezoea kuona maziwa mgando karibu na ugali anaweza kuuona mchanganyiko huo kuwa wa ajabu, lakini mantiki yake ni ileile iliyotumika kwingineko kwenye ng'ombe na kabichi. Waholanzi waliohamia Marekani walikuwa na koolsla, neno linalounganisha kabichi na saladi, na kutoka kwao Wamarekani wakapata saladi yao ya kabichi, ambayo baadaye ilivikwa mayonesi, mchuzi mzito wa viini vya mayai na mafuta. Mayonesi ya chupa sasa imefika hata katika maduka ya miji midogo ya Tanzania na inauzwa kama alama ya usasa. Ni vigumu kuona faida yake mahali ambapo mgando upo, kwa kuwa mayonesi ni mafuta kwa sehemu yake kubwa, hugharimu zaidi, na chupa ikishafunguliwa huhitaji jokofu. Jambo moja tu linadai uangalifu: maziwa hayana budi kuchemshwa kwanza na kugandishwa baadaye, kwa kijiko cha mgando uliotangulia, kwani maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu hauviui kwa uhakika.

Tahadhari hiyohiyo inahusu mboga yenyewe. Kuna imani iliyoenea kwamba ndimu huua kila kitu, na imani hiyo imewalaza watu wengi kitandani, kwa kuwa vijidudu vya homa ya matumbo na mayai ya minyoo hupona katika kachumbari changa ya dakika 20. Kabichi humwagiliwa kwa maji ya mifereji na hupuliziwa dawa dhidi ya nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani. Kwa hiyo majani mawili au matatu ya nje huondolewa, kichwa huoshwa kizima kabla ya kukatwa, na maji ya kusuuzia baada ya kisu kupita yawe yaliyochemshwa. Bahati njema ni kwamba kabichi iliyofunga hujilinda, majani ya ndani yakiwa hayajawahi kuonana na jua, vumbi wala bomba la dawa.

Thamani ya kuila mbichi inaonekana zaidi ikilinganishwa na sufuria. Gramu 100 za kabichi mbichi zina takriban miligramu 36 za vitamini C, dhidi ya miligramu 45 ambazo mtu mzima anashauriwa kupata kwa siku, na vitamini hiyo huyeyukia katika maji na kuharibiwa na moto, hivyo kabichi inayokaangwa mpaka ikalainika huipoteza kwa wingi, na hata ile inayokamuliwa huacha kiasi chake katika maji ya chumvi. Mabaharia wa Kapteni James Cook, waliosafiri katika meli ya Endeavour kuanzia mwaka 1768 hadi 1771, walilishwa kabichi iliyochachishwa kwa chumvi ili kuwakinga na kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvuja damu unaotokana na ukosefu wa vitamini hiyo. Kwa mlaji wa makande na maharage, vitamini C ina kazi nyingine isiyosemwa sana: hurahisisha mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na kunde, ambayo bila hiyo hupita bila kufyonzwa kwa sehemu kubwa. Kabichi mbichi pia ina kemikali zinazoweza kuizuia tezi ya shingo isitumie madini joto ipasavyo, jambo lisilo na madhara kwa anayekula kiasi cha kawaida na kutumia chumvi iliyoongezwa madini hayo, na ndiyo sababu ya kupendelea chumvi ya pakiti kuliko ile inayookotwa kandokando ya maziwa ya magadi.

Mezani, kachumbari ya ndimu hupendana na vitu vyenye mafuta, nyama ya mbuzi ya kuchoma ikiwa ya kwanza, kwa kuwa asidi husafisha ulimi kati ya tonge na tonge. Ile ya mgando hufaa zaidi maharage, viazi na makande, vyakula vikavu vinavyotafuta kitu laini. Ya ndimu huweza kusubiri hadi usiku ikiwa imefunikwa. Ya mgando iliwe palepale, maana kabichi haikomi kutoa maji, na ute uliochukua saa mbili kukazwa hulegea ndani ya saa moja. Kisiki, lile shina nene la katikati linalobaki mkononi baada ya kisu kumaliza kazi, hakiingii katika bakuli lolote: humenywa ganda lake la nje lenye nyuzi, hukatwa vipande, huchovywa katika chumvi iliyobaki, na watoto huwa wamekimaliza kabla sahani hazijapangwa.